Upasuaji wa urembo wa uso: nani unamfaa, nani asubiri

Alasiri moja walinijia wageni wawili barazani, hapa Ngamiani, Tanga, wamepishana kama dakika 20. Kwa jina walitaka kitu kimoja: kurekebishwa uso. Mmoja nikamwambia aende, mwingine nikamwomba asiende. Tangu siku ile majirani wananiuliza nilitumia mizani gani, na wengine wao nao wana uso wanaotaka kuupeleka Dar. Basi niiandike mizani yenyewe.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mkubwa wangu kwa miaka 6. Nilimwamkia, akaitikia huku ameinua kidevu kama anayetafuta tundu kwenye bati. Ngozi ya kope zake za juu ilikuwa imeshuka mpaka ikakaa juu ya mboni. Akitaka kusoma, kidole kimoja kinapandisha nyusi, mkono wa pili unashika gazeti, na ukurasa ukitaka kugeuzwa lazima nyusi iachiwe. "Nesi," akaniambia, "baiskeli nimeiacha. Juzi nimepigwa na tawi la mwembe ambalo kila mtu analiona. Uzee sina ugomvi nao, ila nimechoka kushika nyusi."

Wa pili binti wa miaka 20, anasoma chuo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Hata hajakaa vizuri, simu imeshatoka. Picha ni uso wake mwenyewe uliopitishwa kwenye filta, ngozi imelainishwa, pua imebanwa kama ya mwanasesere. "Nataka hii." Nikaitazama pua yake ya kweli kwenye mwanga. Pana kidogo, imenyooka, inapitisha hewa pande zote mbili, na imeelewana na mashavu yake. Nikamuuliza inamsumbua vipi. Akatoa kwenye pochi kipande cha uzi mweusi chenye mafundo mawili. Kila asubuhi na kila kabla ya kulala anapima upana wa pua kwa uzi ule, aone kama imeongezeka. Wiki 3 hajaingia darasani, kwa sababu akikaa wenzake wanamwona ubavuni.

Nimefanya kazi chumba cha upasuaji na wodini miaka mingi, na muda mwingi nilikuwa upande wa kufunga vidonda. Anayekata humwona mgonjwa saa moja au mbili, tena amelala. Anayefunga kidonda humwona akiwa macho, akijitazama kwenye kioo cha simu, akilia au akicheka. Huko ndiko nilikojifunza kwamba nyuzi zinaweza kuwa safi kabisa na mgonjwa akaondoka na huzuni ileile aliyokuja nayo.

Mwalimu na binti

Daktari mmoja wa Marekani, Mark Gorney, aliwahi kuchora mchoro mwepesi ambao madaktari wa fani hii wanaujua hata leo. Upande mmoja ni ukubwa wa kasoro jinsi mtu baki anavyoiona. Upande wa pili ni ukubwa wa dhiki aliyonayo mwenye uso. Kasoro kubwa na dhiki ya wastani, huyo anafaa. Kasoro ndogo na dhiki kubwa, huyo usimkate, maana hata ukiipunguza kasoro ikawa sifuri, dhiki haikutoka pale.

Wawekeni wageni wangu kwenye mchoro huo. Mwalimu ana kasoro ambayo hata mtoto anayepita na ndoo ya maji anaiona, na maneno yake kuihusu yalikuwa mafupi. Anajua anachotaka: aone mbele bila kidole. Tena daktari anaweza kukipima kabla ya kukata, kwa kuinua ile ngozi kwa plasta na kupima tena upeo wa macho. Ukiongezeka, upasuaji una kazi ya kufanya. Hapo urembo na tiba vinagusana, na wagonjwa wa mpakani namna hii ndio ambao nimewaona wakitoka na furaha ya kudumu.

Binti ana pua isiyo na kasoro na dhiki inayomtoa darasani. Kuna maradhi ya akili yanayojulikana ambayo humshika mtu kwa kasoro wasiyoiona wengine, au wanayoiona kidogo sana. Mgonjwa hujitazama, hujipima, huuliza, hujificha, hujilinganisha na wengine, saa nzima au zaidi kila siku. Katika watu wa kawaida wanakadiriwa kuwa kama 2 kati ya 100. Kwenye foleni za madaktari wa urembo, tafiti nyingi zimekuta 7 hadi 15 kati ya 100, na si ajabu, kwa sababu huko ndiko wanakokimbilia. Kisu huwasaidia mara chache. Ama wanaichukia pua mpya, ama wanahamia kidevuni. Kinachowasaidia ni mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa afya ya akili, na kwa baadhi yao dawa.

Simaanishi kila anayeleta picha ya simu ni mgonjwa. Picha ni lugha. Mtu akisema "nataka nundu hii ya juu ya pua ishuke kidogo", akakuonyesha kwa kidole, nawe ukaiona, mazungumzo yapo. Ninayemwogopa ni yule anayesema "niwe hivi", na hiyo hivi ni sura iliyochorwa na programu, haina mifupa wala vinyweleo. Pua yenye ngozi nene, kama za wengi wetu, haikubali kubanwa kama karatasi. Hata mpasuaji hodari akichonga gegedu ndani, ngozi ya juu huikalia kwa namna yake, na uvimbe wa ncha unaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kutulia. Na anayeleta pua iliyokwisha kufanyiwa upasuaji mara mbili kwa madaktari wawili, wote anawasema vibaya, basi wewe ni daktari wa tatu katika hadithi hiyohiyo.

Kovu moja, masikio mawili

Hapa nina ushahidi wangu mwenyewe. Nikiwa msichana nilitoboa sikio tundu la pili, likaota kovu la kuvimba, keloidi, likawa kama kunazi. Nikaenda mahali ambapo sipataji, likakatwa kwa ganzi, dakika chache tu, nikapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa kwaheri. Hakuna aliyeniambia nirudi lini. Baada ya miezi 7 lilikuwa limerudi, safari hii kama korosho. Mtandio niliuzoea mapema kuliko wenzangu, na sababu haikuwa ucha Mungu.

Keloidi ikikatwa peke yake hurudi kwa zaidi ya nusu ya watu katika tafiti nyingi, na katika baadhi hurudi karibu kwa wote. Watu wenye ngozi nyeusi tunaotwa nazo zaidi. Ndiyo maana daktari anayejua kazi huunganisha kukata na sindano za steroidi ndani ya kovu, ambazo hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi, na wakati mwingine na kipuli cha kubana. Kisu ni siku moja ya tiba ya miezi mingi.

Sasa linganisha wanawake wawili niliowahi kuwashauri, wote na kovu la ndewe, ukubwa karibu sawa. Mmoja anauza samaki soko la Deep Sea, mikono haikauki. Nilipomweleza habari ya sindano za kurudia, akanyamaza akihesabu nauli kwa vidole, kisha akauliza, "Nikikosa moja itakuwaje?" Wa pili ni bibi harusi, siku yake imebaki wiki 5, anataka kukatwa kesho ili hereni za dhahabu zikae. Sindano atafikiria baadaye. Kovu lilikuwa moja, lakini anayefaa ni muuza samaki. Swali lake peke yake lilitosha. Bibi harusi nilimwambia avae hereni za kubana au ashushe ushungi, harusi ipite, kisha aje tuanze kwa utulivu. Alinuna.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote akukate usoni, jikague makovu ya zamani. Tazama kovu la chanjo ya BCG mkononi, matundu ya masikio, chale kama ulichanjwa utotoni, mshono wa uzazi. Muulize mama na shangazi yako makovu yao yamekaaje. Mahali nako kuna uzito. Kope karibu haziotwi na keloidi, na katikati ya uso ni nadra. Sikio, mstari wa taya na shingo ndiyo shamba lake. Kwa hiyo mtu mwenye keloidi kifuani hafungiwi mlango wa kurekebishwa kope, lakini upasuaji wa kuvuta ngozi ya uso, ambao mkato wake unazunguka sikio, auwazie mara mbili na zaidi.

Mwenye faili nene na asiye na faili

Watu hudhani anayefaa ni kijana mwenye afya na asiyefaa ni mwenye maradhi. Si mara zote.

Mama mmoja wa miaka 50 na kitu ana presha na sukari, faili lake nene kama msahafu. Kila mwezi yupo kliniki, dawa hazimpiti, vipimo vya sukari vya miezi 3 vinatulia. Mtu wa namna hiyo anaweza kukubaliwa kwa upasuaji mdogo wa kope, baada ya daktari wake wa sukari na wa usingizi kuridhia. Hatari ipo, ila inajulikana na imeshikwa. Presha isiyoshikwa ndiyo adui, kwa sababu damu ikivujia chini ya ngozi iliyovutwa inaweza kuua ngozi yenyewe, na ikivujia nyuma ya jicho inaweza kupofusha. Wanaume wanaovuja baada ya kuvutwa ngozi ya uso ni wengi kuliko wanawake, ndevu zina mishipa mingi.

Mtazame sasa kijana wa miaka 27, mnyanyua vyuma, hana faili popote. Alianguka na bodaboda, ana kovu shavuni, anataka lishonwe upya. Kovu lenyewe lina miezi 4, bado jekundu na gumu. Kovu huachwa likomae, mara nyingi karibu mwaka, kwa sababu mengi hulainika yenyewe. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba jioni zake ni shisha na sigara. Nikotini hubana mishipa midogo, na ngozi iliyoinuliwa na kurudishwa inaishi kwa mishipa hiyohiyo midogo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984 kuhusu kuvutwa ngozi ya uso uliona wavutaji walifiwa na ngozi karibu mara 12 zaidi ya wasiovuta. Madaktari wengi hutaka mtu aache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na wapo wanaopima mkojo kuhakikisha. Kijana akaniambia amekwisha kuacha. Harufu ya tufaha ilikuwa bado kwenye fulana.

Kwa hiyo mama mwenye faili anafaa leo, kijana asubiri. Na sababu yangu ya pili ni hii: mama amezoea kufuata masharti. Uso hauponi kwa kisu, unapona kwa masharti.

Kuna kundi jingine nililoliona kwa macho yangu na ambalo halisemwi sana. Wale walioanza ARV zamani, enzi za stavudini, walimezwa mashavu. Mafuta ya uso yaliyeyuka, mifupa ikajitokeza, mtu mwenye afya yake akawa anasomwa mtaani kama tangazo. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe dawa hiyo kuanzia mwaka 2009, lakini mashavu hayarudi upesi hata dawa ikibadilishwa. Ukiwauliza madaktari wa urembo duniani nani ananufaika na sindano za kujaza, hawa wako mbele. Dhiki yao ina sababu inayoonekana, na ombi lao ni dogo: wapite sokoni bila kuangaliwa mara mbili. VVU si kizuizi kwa mtu anayekunywa dawa zake, virusi vimefubaa na kinga imepanda. Nimesikia wakikataliwa kwa neno moja tu la mapokezi. Hilo ni kosa.

Wengine niwapitie haraka. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Anayekunywa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe kwa kuwa kasoma mahali, aulize aliyemwandikia. Wapenzi wa vidonge vya kitunguu saumu na unga wa tangawizi vijiko kwa vijiko wamwambie daktari, maana vingine huchangia damu kutoganda. Mwenye selimundu lazima aseme kabla ya nusu kaputi. Mwenye macho makavu au presha ya jicho apimwe kwanza kabla kope hazijaguswa.

Ngozi iliyochubuliwa

Mkorogo ninautengea mahali pake. Aliyejichubua kwa miaka ngozi yake inakuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa inaonekana, mashavuni pana wekundu, kwenye mifupa pana weusi wa bluu usiotoka. Ndani ya makopo hayo mna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na vipodozi vyenye viambato vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini ingawa vinauzwa vikiwa vimefunikwa na khanga. Steroidi huifanya ngozi ishindwe kushika nyuzi na ichelewe kufunga. Nimewahi kutoa uzi siku ya 6 na kidonda kikafunguka mkononi kama mfuko wa karatasi uliolowa.

Mwanamke mwenye mabaka ya mkorogo akija anataka kisu, jibu langu ni fupi: hakuna kisu cha mabaka. Aache kopo, tena kwa kusimamiwa na daktari wa ngozi, kwa sababu ukiliacha ghafla uso unawaka. Ajikinge na jua la Tanga, ambalo halina huruma. Baada ya miezi mingi ndipo tuone kilichobaki. Wengi huwa hawarudi kuulizia upasuaji.

Nani anayeutaka uso huu?

Swali ninaloliuliza mwisho, nikiwa namimina chai ili lisionekane kubwa, ni hili: "Na kwa nini mwaka huu?" Pua imekuwepo miaka 34. Nini kimetokea?

"Nimepata nafasi, watoto wamekua, nimejiwekea akiba" ni jibu zuri. "Mume wangu ameoa wa pili" ni jibu la kumshika mtu bega. Talaka mbichi, msiba ndani ya mwaka, kufukuzwa kazi, hayo yote ni mawimbi, na mtu akiwa ndani ya wimbi hachagui vizuri. Nimemwona mwanamke akivutwa ngozi ya macho ili mume arudi. Macho yalipona vizuri. Mume hakurudi, na lawama yote ikahamia kwa mshono. Mwingine wa umri uleule, uvimbe uleule chini ya macho, aliniambia tu, "Kila mtu ofisini ananipa pole, wanadhani sikulala." Huyu wa pili ndiye wa kupelekwa.

Kuna wanaoniuliza habari ya dini, na hapa kwetu ni swali la haki. Mimi si shehe. Ninachokijua ni kisa cha sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani siku ya Kulabi, akaweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanazuoni wengi hutofautisha kati ya kuondoa kasoro au madhara na kubadili umbo kwa ajili ya uzuri tu. Muulize shehe wako kabla hujalipa. Nimeona mtu akipona kwa mshono na kuugua kwa wasiwasi wa dhambi, na ugonjwa huo wodini hatuna dawa yake.

Kwa watoto, masikio yaliyochomoza yanaweza kurekebishwa kuanzia kama miaka 5 au 6, sikio likishakaribia ukubwa wake, hasa mtoto mwenyewe akiwa analalamika. Pua isubiri mifupa imalize kukua, wasichana kama miaka 15 hadi 16, wavulana 17 hadi 18, na mzazi asiwe ndiye mwenye hamu kuliko mtoto.

Kisu, sindano au kuuacha

| | Kisu | Sindano | Kuuacha na kuutunza |
|---|---|---|---|
| Kinachofaa | Kope zilizoshuka, masikio, umbo la pua, kovu lililokomaa | Mashavu yaliyobonyea, ndita za paji | Mabaka, chunusi, uso usio na kasoro |
| Hudumu | Miaka. Kovu ni la maisha | Botox, ya kulegeza misuli ya ndita, miezi 3 hadi 4. Ya kujaza mara nyingi miezi 6 hadi 18 | Kadiri utakavyotunza |
| Ukijuta | Kukatwa tena, tena kwa ugumu zaidi | Ya kujaza ya asidi ya hayaluroniki huyeyushwa kwa dawa. Silikoni haiyeyuki | Unaweza kubadili nia wakati wowote |
| Kukaa ndani | Wiki 1 hadi 2, uvimbe huendelea miezi | Siku chache | Hakuna |

Jedwali linaifanya sindano ionekane mchezo. Sivyo. Dawa ya kujaza ikiingia kwenye mshipa wa damu karibu na pua au katikati ya nyusi, inaweza kuua kipande cha ngozi au kupofusha jicho, papo hapo. Ndiyo maana anayechoma lazima awe na dawa ya kuyeyusha mezani na ajue kuitumia. Anayekuja na begi saluni au kuchomea watu chumba cha gesti hana vyote viwili. Kati ya kisu cha mtaalamu na sindano ya gesti, mimi ningechukua kisu. Kati ya hivyo viwili na kuuacha, inategemea ule mchoro wa Gorney.

Safu ya tatu huwa inadharauliwa kwa sababu haina risiti. Mafuta ya kukinga jua, kofia, usingizi, kuacha kopo, kubadili fremu ya miwani kwa mwenye vifuko chini ya macho. Na sisi weusi tuna bahati yetu, ngozi yenye rangi nyingi huchelewa kukunjamana. Mwanamke wa miaka 45 wa hapa anayeomba kuvutwa uso mara nyingi anaomba kitu ambacho bado hakijafika.

Kange kwenda na kurudi

Tanga tuna hospitali ya Bombo kwa kuanzia, na rufaa ya upasuaji rekebishi kwa kawaida huishia Dar, huko hospitali za Muhimbili na Mloganzila. Kutoka stendi ya Kange mpaka stendi ya Mbezi, Dar, ni kama kilomita 350, kupitia Segera na Chalinze. Pima uso wako kwa safari hiyo. Anayefaa ni mwenye ndugu wa kumlaza Dar mpaka nyuzi zitoke, siku 5 hadi 7 kwa kope, na mwenye nauli ya kurudi kuonwa tena. Asiye na ndugu, anayepanga kukatwa asubuhi na kupanda basi la jioni na barafu kwenye mfuko wa nailoni, namhesabu hafai hata kama kila kipimo chake ni kizuri. Damu ikianza kuvuja njiani, Msata, saa 2 usiku, nani atamfungua?

Bima kwa kawaida hazilipi urembo, ingawa kope zinazoziba macho au kovu la kuungua linaweza kuangaliwa kwa jicho jingine. Uliza kwa maandishi. Pesa ikiwa ni ya mkopo wa kikundi, subiri. Upasuaji wa uso mara nyingine huhitaji kurudiwa, na hujui marudio hayo yatadai nini.

Na kama unavyopimwa wewe, nawe mpime daktari. Anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na si aibu kuuliza jina lake lipo kwa utaalamu gani. Muulize mara ngapi amewahi kumwambia mtu "hapana". Mimi ningemwamini zaidi anayenikatalia siku ya kwanza na kunipa wiki 2 za kufikiri kuliko anayenipa tarehe kabla sijamaliza chai. Asipokuuliza kuhusu sigara, makovu, dawa na usingizi wako, hajachagua mgonjwa, amechagua mteja.

Mambo madogo ya nyumbani nayo humtenga anayefaa na asiyefaa. Baada ya upasuaji wa kope au pua, kichwa hakiinamishwi chini kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki 1 au 2, hivyo mwenye kuswali huswali amekaa. Usipange kukatwa wiki ya kuamkia Ramadhani. Liwa na mafuta ya nazi visiguse mshono mpaka daktari aseme. Na jua likilipata kovu changa hulipaka weusi unaokaa miezi.

Mwalimu alikwenda. Alikatwa kope zote mbili kwa ganzi, akakaa kwa mwanawe siku 9, akarudi na miwani myeusi kama mwanamuziki. Wiki 2 alikuwa anaswali kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo ya msikiti, na vijana wakimwitia kiti kila adhana. Baiskeli imetolewa stoo, mnyororo umepakwa mafuta.

Binti nilimsindikiza mwenyewe kwa mtaalamu wa afya ya akili, tukakaa foleni saa 3, na njia nzima hakunisemesha. Tulikubaliana jambo moja: akae mwaka mmoja, asome, ahudhurie mazungumzo, kisha kama bado anaitaka pua ile aje tutafute daktari pamoja, sitamzuia. Wakati anaaga nilinyoosha mkono, nikamwambia uzi aniachie. Akacheka kwa mara ya kwanza, akaukunja, akaurudisha kwenye pochi. Alipita tena wiki iliyopita. Uzi bado anao, ila sasa anapima Ijumaa tu.